Malengelenge ya Miguuni Katika Safari Ndefu: Namna ya Kuyazuia na Kuyatibu

Lengelenge la kutembea huanzia ndani ya ngozi. Kila unapokanyaga, mfupa wa kisigino au wa kidole husogea mbele na nyuma huku ngozi ikiwa imeshikwa na soksi na kiatu. Tabaka za ngozi za katikati huvutwa huku na huku mpaka zinachanika, kisha pengo hilo hujaa maji. Ndiyo maana hata kiatu laini kisichokwaruza popote kinaweza kukutoa malengelenge. Jasho huzidisha tatizo, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hung'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu.

Kiatu na kamba

Jaribu viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama itakavyovimba safarini, ukiwa na soksi zilezile utakazotembelea. Simama wima: kati ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili) na ncha ya kiatu pabaki upana wa dole gumba la mkono. Tembea, uhakikishe kisigino hakipandi. Kisha shuka ngazi. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi, na mteremko mrefu utakuumiza vidole na kucha. Kiatu kikibana kidole cha mwisho dukani, usitarajie kitapanuka njiani.

Viatu vipya vivae kwanza nyumbani kwa saa chache, kisha kwa matembezi mafupi unayoyaongeza kidogo kidogo, mpaka vikunjike pale mguu unapokunjika. Vya ngozi ngumu huchukua muda zaidi.

Kisigino kikicheza, ufumbuzi mara nyingi uko kwenye kamba. Ukifika tundu la pili kutoka juu, usivushe kamba upande wa pili. Iingize kwenye tundu la juu la upande uleule ili ibaki kitanzi kidogo, ufanye hivyo pande zote mbili. Sasa pitisha ncha ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto, na ya kushoto ndani ya cha kulia, vuta mpaka kisigino kikae nyuma kabisa, halafu funga kawaida. Sehemu ya vidole iache ilegee kiasi.

Soksi, plasta na mafuta

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulikalia. Sufu laini, nailoni au poliesta hukauka upesi zaidi. Unaweza pia kuvaa jozi mbili, nyembamba ndani na nene juu, ili msuguano uhamie kati ya soksi na soksi. Lakini kiatu kiwe na nafasi, la sivyo umejiongezea mbano. Anayepata malengelenge katikati ya vidole atafaidika na soksi zenye vidole. Beba jozi ya kubadilisha.

Kama unajua ngozi yako huchubuka wapi, bandika plasta kabla ya kuondoka. Plasta ya karatasi, ile ya kushikizia bandeji hospitalini, inafaa sana kwa sababu ni nyembamba na haing'oi ngozi inapobanduliwa. Ngozi iwe safi na kavu kabisa, kona za plasta zikatwe mviringo zisije zikainuka, na pasiwe na kunyanzi hata moja: kunyanzi la plasta hutoa lengelenge lake lenyewe.

Vaselini hulainisha mwanzoni, lakini baada ya saa chache hupungua nguvu na msuguano unaweza kurudi ukiwa mkubwa kuliko awali. Ukiitumia, rudia kupaka, na usiipake pale unapotaka kubandika plasta. Poda nayo ikilowa jasho huganda mabonge. Dawa ya kuzuia jasho ina nguvu zaidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu kadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliopaka aluminiamu kloridi ya asilimia 20 kwa angalau siku 3 kabla ya kutembea kilomita 21 walipata malengelenge asilimia 21, dhidi ya asilimia 48 kwa waliopaka dawa ya kulinganishia isiyo na kemikali hiyo. Ila zaidi ya nusu ya waliopaka dawa halisi waliwashwa ngozi, kwa hiyo ijaribu wiki kadhaa kabla ya safari.

Ukisikia joto, simama

Kabla ya lengelenge huja joto na kuwashwa mahali pamoja. Hapo bado unaweza kuliwahi, na hapo ndipo wengi huamua kuvumilia mpaka kituo kinachofuata. Usivumilie. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, kausha mguu kwa dakika chache, bandika plasta, geuza au badilisha soksi, kaza kamba upya. Dakika 10 hizo zinakuepusha na siku kadhaa za kuchechemea.

Limeshatunga maji

Dogo lisilouma liache lilivyo. Ngozi yake ya juu ni bandeji bora kuliko yoyote utakayobeba. Likinge kwa sponji nyembamba yenye gundi iliyotobolewa tundu pana kidogo kuliko lengelenge, ili uzito ukae pembeni, kisha funika juu. Lenye damu usilitoboe.

Kubwa, linalouma, lililo mahali pa kukanyagia, linaweza kutobolewa:

1. Nawa mikono kwa sabuni, osha na lengelenge, kisha paka dawa ya kuua vijidudu.
2. Tumia sindano mpya iliyofungwa, au ya kawaida iliyofutwa kwa spiriti.
3. Toboa matundu madogo 2 hadi 4 ukingoni, upande wa chini, sindano ikilala sambamba na ngozi.
4. Kamua taratibu kwa shashi safi. Ngozi usiiondoe.
5. Paka vaselini kidogo, funika kwa bandeji isiyogandamana na kidonda, shikiza kwa plasta.

Maji yanaweza kujaa tena siku ileile. Rudia kwa usafi uleule. Usipitishe uzi na kuuacha ndani, maana huwa njia ya vijidudu kuingilia.

Ngozi ikishachanika yenyewe, osha kwa maji safi, ilaze ngozi iliyobaki juu ya kidonda, ukate tu vipande vilivyokufa na kuning'inia. Bandeji ya hidrokoloidi, ile inayonyonya majimaji ya kidonda na kugeuka kama jeli, hufaa hapa: iache siku kadhaa mpaka ilegee yenyewe, kwa sababu kuibandua mapema hung'oa ngozi changa. Isiwekwe kwenye kidonda chenye maambukizi.

Angalia kila siku. Usaha wa njano au kijani, wekundu unaosambaa, mistari myekundu inayopanda mguu, mtoki kinenani au homa ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulichanjwa lini. Mwenye kisukari, mzunguko hafifu wa damu au ganzi miguuni asitoboe lengelenge lolote mwenyewe, hata dogo. Alifunike na kumwona mhudumu wa afya.