Mkweche wa porini na mfuko mwembamba: anzia chini ya gari, rangi itasubiri

Nimeona watu kibao wananunua fowili kuukuu (gari linalovuta kwa tairi zote nne), tuseme Land Rover Series au Land Cruiser ya zamani au ka-Suzuki kale ka springi za majani, na wiki ya kwanza tu wameshafunga tairi kubwa, taa nne za juu na rangi ya jeshi. Mwezi wa tatu gari liko juu ya mawe, hela imekata, breki hata hazijaguswa. La kwanza langu nililiharibu hivyohivyo kwa hiyo simcheki mtu. Ukiwa na hela ndogo, spea hazikumalizi sana kama mpangilio mbovu wa kazi, yaani unapendezesha cha juu leo halafu kesho unakifumua ili ufike cha chini, na kila bolti ukiifungua mara ya pili umeilipia mara mbili.

Kama hujanunua bado, nenda na tochi, nyundo ndogo na nguo za kuchafua, halafu lala chini ya gari. Land Rover za zamani bodi ni alumini, linaweza kung'aa kama jipya huku chasi ya chuma huko chini imeshaliwa yote. Gonga chasi taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinajibu pu, na kama nyundo ikizama basi aga vizuri uondoke. Gonga zaidi pale springi zinaposhika, ile boriti ya chuma ya nyuma kabisa ya chasi, na pita na vidole juu ya chasi mahali macho hayafiki, maana tope hukaa pale miaka. Ukikuta chini kumepakwa lami nzito nyeusi mpya na gari lenyewe ni la zamani, jiulize inaficha nini. Pale alumini inapogusana na chuma ukiona unga mweupe ujue alumini inaliwa, hayo ni mambo ya metali mbili na maji ya chumvi.

Injini ije baridi. Ukifika ukakuta boneti ina moto, mwambie muuzaji utarudi kesho, kwa sababu ugonjwa wa kuwaka unaonekana asubuhi. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Fungua kifuniko cha rejeta (likiwa baridi, narudia, baridi) uangalie kama kuna mafuta yanaelea. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto mara nyingi ni maji, mweusi kwenye dizeli anza na chujio la hewa kabla hujalaumu nozeli. Ila kwangu chasi inaishinda injini. Injini unatoa unafunga nyingine, chasi iliyooza inakula hela miaka mitatu na bado hujaiamini.

Sawa, gari limefika nyumbani. Usilifumue lote. Hii ndo kosa namba moja la watu wenye hamu, wanafungua kila kitu siku moja, vyuma vinatawanyika, na nusu ya hayo magari huishia kuuzwa vipandevipande. Chukua kona moja, imalize, lirudi chini, litembee, ndo uende kona nyingine. Kila bolti iingie kwenye mfuko wake umeandikwa imetoka wapi, na piga picha kabla hujafungua, sio baada. Hizo picha zitakuokoa pale utakaposhika washa (kile kipete cha chini ya nati) mkononi saa nne usiku hujui inakaa upande gani.

Vifaa: jeki nzuri na stendi nne za chuma. Hapa sitanii, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usitumie matofali, tofali halikuonyi, linapasuka ghafla. Mita ya umeme ya bei ndogo, brashi ya waya, spana zenye ubora wa wastani, spana ya kupimia nguvu unaweza kuazima. Na mafuta ya kulegeza bolti zilizoshika kutu: changanya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, tingisha kila unapotumia maana havikai pamoja, na weka mbali na moto kabisa. Pakia leo, fungua kesho. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndo ulegeze, utashangaa ngapi zinatii.

Sasa breki, hapa kaa sana. Gari limesimama miaka, ukikanyaga linasimama, unasema breki nzima. Hozi za mpira za zamani zinavimba kwa ndani, mafuta yanapita kwenda ila kurudi hayataki, ndo unakuta tairi moja limekamata na rimu ina moto usiogusika wakati mengine baridi. Badilisha hozi zote, ni za bei ndogo ukilinganisha na kinachoweza kutokea. Kwenye drumu inua kile kimpira cha vumbi cha wili silinda, ukikuta kulowana hapo silinda imekwisha, usiifute ukarudishia. Mabomba ya chuma yaliyovimba kutu weka ya kopa na nikeli, yanakunjika kwa mkono na hayashiki kutu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu wa hewani, ndo maana ya zamani yanachemka mapema kwenye mteremko mrefu na pedo inazama mpaka chini, kwa hiyo mwaga yote uweke mapya kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Usichanganye na DOT 5 ile ya silikoni. Kutoa hewa kwa kawaida unaanza tairi lililo mbali zaidi na masta silinda unakuja karibu, lakini kuna magari yana mpangilio wao, soma kitabu cha ufundi cha gari lako.

Halafu ekseli ya mbele. Inua upande mmoja, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena: mchezo ukiisha ni beringi ya tairi, ukibaki ni beringi za nako au kingpini, yaani kile kiungio ambacho tairi hugeukia ukikata stelingi. Shika kushoto na kulia ulitikise, hapo unasikiliza tairodi, vile vyuma vya stelingi vinavyogeuza tairi. Dakika mbili tu na umeshajua hela iende wapi.

Niliwahi kuendesha Land Cruiser ya ekseli nzima mwaka mzima nikidhani tairi la kushoto linavuja grisi kidogo, nafuta na kitambaa naendelea. Siku nimefungua lile bakuli la nako, badala ya grisi nzito likamwagika tope jeusi jepesi, limeshuka mpaka kiwiko cha mkono, linanuka oili ya gia. Sili ya ndani ilikufa zamani, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inaingia kwenye bakuli, inaiyeyusha grisi, halafu mchanganyiko ule unatafuta njia ya kutoka na njia yenyewe ni kwenye breki. Ndo maana gari lilikuwa linavuta upande mmoja, na mimi nilikuwa nimeshanunua brekishuu mara mbili! Dawa ni seti ya sili, grisi mpya, na beringi kama zimechimbika. Osha kila kitu mpaka chuma king'ae, rudishia, pima ukaze wa zile beringi za nako kwa mizani ya kuvuta kama kitabu kinavyosema. Ni wikiendi nzima ya uchafu ila spea zake hazitishi.

Kuchemsha. Fundi atakwambia toa thamostati (ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) gari lisichemshe, kataa. Rejeta iliyoziba haizibuliwi kwa kutoa thamostati, na bila hiyo injini inatembea baridi, inakula mafuta na inachakaa mapema. Zibua rejeta, weka kifuniko kipya chenye presha sahihi, hozi mpya, na kulanti nusu maji nusu dawa badala ya maji matupu yanayoleta kutu ndani. Kama injini yako ina taiming belti (mkanda unaoendesha valvu) na hujui ilibadilishwa lini, ichukulie imekwisha, ibadilishe kabla ya safari yoyote. 300Tdi ya Land Rover ni ya belti, 1HZ ya Toyota nayo ni ya belti, na ikikatika ukiwa unatembea valvu na pistoni zinakutana.

Umeme wa gari kuukuu shida kubwa ni athi, yaani waya za kurudisha umeme kwenye chuma cha gari. Kabla hujanunua alteneta, fungua waya za athi zote, betri kwenda chasi na injini kwenda chasi, kwangua mpaka chuma safi, kaza, paka grisi juu. Betri ya volti 12 iliyolala usiku ipime, karibu 12.6 ndo nzima, injini ikiwaka iwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Angalia kwanza kama gari lako ni la volti 24, dizeli kadhaa za zamani ziko hivyo na utaunguza vitu. Taa hafifu? Balbu ya H4 upande wa chini ni wati 55, inavuta kama ampea 4.6 kila moja, na umeme wote huo unapita kwenye swichi ya miaka 40 na kiwaya chembamba kirefu, unafika umechoka. Weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), waya nene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, swichi ya zamani ibaki ya kuamrisha rilei tu. Taa zilezile utadhani umenunua mpya.

Kutu ikate mpaka ufike chuma kizima, usichomelee kiraka juu ya uozo maana kiraka kitabaki na ukingo wake utadondoka. Kabla ya kuchomelea chomoa betri na alteneta, na kama ni karibu na tanki la mafuta litoe nje kabisa. Na usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukakichomelea, moto ukikutana nayo unatoa fosjini, gesi inayoua. Ukimaliza paka praima ya zinki, na ndani ya chasi puliza nta. Vyuma vidogo loweka kwenye ndoo ya maji na magadi ya kufulia, chaja ya betri hasi kwenye chuma chako na chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, kamwe usiweke chuma kisichoshika kutu kwa sababu kinatoa kromiamu yenye sumu. Fanyia nje, inatoa hewa inayoshika moto.

Hapo sasa ndo tuongelee kuboresha. Tairi kwanza soma tarehe, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (meno) nene ila limezeeka na kupasuka ubavuni ni takataka. Saizi usizidishe. 235/85R16 ina kimo cha kama milimita 806, na 265/75R16 ni 804, yaani kimo kilekile, ila lile jembamba halisuguani na bodi na halichoshi stelingi. Ukitoka inchi 29 kwenda 33, spidomita ikisoma 80 wewe uko 91, na gia zote zinakuwa nzito, na breki zako za zamani zinasimamisha gurudumu kubwa zaidi. Kuinua gari sentimita 5 inatosha. Zaidi ya hapo unaanza kununua hozi ndefu za breki, kurekebisha pembe za propela, na stelingi inaanza kutangatanga. Springi za majani kabla ya kununua mpya zifumue, piga brashi, paka grisi katikati ya majani, weka bushi mpya, zilizolala fundi wa springi anazikunja upya.

Kuna maboresho mawili ya bure kabisa au karibu na bure ambayo watu wanayaruka. Moja ni kupunguza upepo wa tairi kwenye mchanga, beba pampu ya kurudishia. La pili ni mipira ya kupumulia ya ekseli: ekseli yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili. Vuta kile kipumulio kwa mpira mwembamba mpaka juu kwenye boneti, umemaliza. Na tafadhali, ukikwama usifunge kamba ya kuvutia kwenye ile gololi ya kuvutia trela. Inakatika inaruka kama risasi, imeshaua watu. Funga kwenye ndoano iliyobanwa kwenye chasi.

Rangi ya mwisho, na kwa gari la porini rola ya sponji na msasa kati ya koti zinatosha, mikwaruzo inakuja wiki hiyohiyo.

Baada ya kilomita mia tano za kwanza rudi chini na spana, kaza yubolti za springi, nati za tairi na bolti za propela. Na ukishavuka mto wa kwanza, kesho yake legeza kidogo bolti ya chini ya difu, acha matone mawili yaanguke kiganjani. Yakiwa meupe, mwaga yote uweke mpya siku hiyohiyo, halafu kaangalie ule mpira wa kupumulia umechomoka wapi.