Jinsi ya kuwajulisha watoto Malkia Hatshepsut wa Misri

Likizo hii nilikaa na watoto wa dada yangu, mkubwa yuko darasa la nne na mdogo la pili, nikawasimulia habari za Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri ya kale kama mfalme kamili. Nimeandika namna nilivyofanya, pamoja na pale nilipokwama.

1. Andaa vitu. Kamba ya mita tano, vibanio vya nguo, chetezo, ubani kidogo, na picha za hekalu lake la Deir el-Bahari. Zichapishe kwenye karatasi. Kwenye simu mmoja anaona na wengine wanagombania, lakini karatasi ikiwekwa mkekani kila mtoto anaweka kidole chake.

2. Shughulikia neno "Firauni" kabla ya yote. Hapa nilipoteza jioni nzima. Nilianza kwa kusema, "Leo nawasimulia Firauni wa kike." Mdogo akakunja uso: "Mamdogo, Firauni si ndiye aliyezama baharini?" Watoto wetu, wa madrasa na wa shule ya Jumapili, wanamjua mmoja tu, yule wa Nabii Musa, na mtaani mtu akiitwa firauni ametukanwa. Kila jambo alilofanya Hatshepsut wakaliona la hila. Nikaeleza, nikarudia, wapi.

Kesho yake nilitumia "mfalme" peke yake, na neno lile nikalileta baadaye. Kwa Kimisri cha kale lilikuwa *per-aa*, "nyumba kubwa", maana yake jumba la mfalme. Redio ikisema "Ikulu imetangaza", jengo halijafungua mdomo, aliyesema ni mwenye jengo. Kwa njia hiyo jina la nyumba likamhamia mtawala. Hapo wakaelewa kwamba ni cheo, na waliokishika walikuwa wengi. Wakiuliza Firauni wa Musa alikuwa nani, waambie Biblia na Kurani hazikumtaja kwa jina lake mwenyewe, kisha endelea. Usiingie kwenye ubishi huo, hutatoka. Na usiruke hatua hii hata kama watoto wamenyamaza, kwa sababu wangu pia walikuwa wamenyamaza.

3. Tandaza kamba, na ubane vibanio kama alama za miaka. Sentimita moja ni miaka kumi. Leo iko mwanzoni. Umri wa mtoto haufiki hata sentimita moja, na bibi wa miaka 70 ana saba. Cleopatra, malkia mwingine wa Misri, yuko kama mita mbili, Hatshepsut mita tatu na nusu, na piramidi kubwa la Khufu mita nne na nusu. Wataacha kusema Hatshepsut ndiye aliyejenga piramidi.

4. Simulia bila kusema ni mwanamke. Kiswahili kinatusaidia: "alitawala", "alijenga", "alituma merikebu". Kisha onyesha sanamu yenye ndevu za bandia, alama ya ufalme, ndipo useme alikuwa binti wa Thutmose I. Mumewe Thutmose II alipofariki, mrithi Thutmose III alikuwa mtoto mdogo. Hatshepsut alikuwa mama yake wa kambo na pia shangazi yake, maana mumewe alikuwa ndugu yake kwa baba, ndoa iliyoruhusiwa katika ukoo wa kifalme. Akamshikia kiti, kisha akajitangaza mfalme. Alitawala miaka kama 20, takriban 1479 hadi 1458 KK.

5. Choma ubani. Harufu wanaijua kutoka arusini na kwenye maulidi. Ikishatanda, toa picha za msafara alioutuma nchi ya mbali iliyoitwa Punt: merikebu tano, nyani, na miti ya utomvu wa kunukia iliyong'olewa na mizizi yake ikatiwa kwenye vikapu. Wataalamu wengi wanaiweka Punt kusini mwa Bahari ya Shamu, upande wa Pembe ya Afrika. Waache wahesabu makasia. Wangu walikaa hapo karibu saa nzima.

6. Malizia na ukuta uliokwanguliwa. Waonyeshe mahali sura na jina lake vilipofutwa kwa patasi. Usiwaambie Thutmose III alifanya kwa hasira. Ufutaji ulifanyika mwishoni mwa utawala wake, miaka kama 20 baada ya Hatshepsut kufa. Waulize wao: mbona alingoja muda wote huo?