Kuunga Chaja ya Gari la Umeme Kwenye Laini: Anza na Mzigo, Waya Baadaye

Pasi huwaka na kuzima, lakini chaja ya gari huvuta ampia zake zote kwa saa sita au nane mfululizo. Ndiyo sababu kiungio kilicholegea kidogo, ambacho kimevumilia matumizi ya kawaida kwa miaka, huanza kuungua mara tu chaja inapofungwa.

Kabla ya kununua chochote, soma ampia za fyuzi au breka kuu iliyo karibu na mita. Chaja ya ampia 32 kwenye umeme wa njia moja (fezi moja), volti 230, ni kilowati 7.4, ya njia tatu (fezi tatu) ni kilowati 22. Tuseme laini yako ni ya ampia 60. Chaja ikichukua 32, zinabaki 28. Hita ya maji ya kilowati 3 inakula 13, sahani ya jiko ya kilowati 2 karibu 9, pasi ya kilowati 1 zaidi ya 4. Ukichomeka na birika, umeshavuka. Usikisie: bana klampu mita, kipimo cha ampia kinachoukumbatia waya bila kuukata, kwenye waya mkuu jioni, wakati vyombo vyote vinafanya kazi, uandike kiwango cha juu kabisa.

Nafasi ikiwa finyu, dawa rahisi ni kuiwekea chaja ukomo wa ampia 16. Kwa saa 8 inatoa takriban uniti 29, ambazo kwa gari linalotumia uniti 18 kwa kilomita 100, ukiondoa upotevu, ni kama kilomita 150. Wengi hawaendeshi hata nusu ya hizo kwa siku. Njia ya pili ni chaja inayopunguza mvuto yenyewe kwa kusoma kihisi kilichobana waya mkuu. Mshale wa kihisi ufuate mwelekeo aliouonyesha mtengenezaji. Ukigeuzwa, chaja inaweza kuhesabu matumizi ya nyumba kinyume, ikavuta zaidi pale ilipotakiwa kupunguza.

Kampuni ya umeme ipewe taarifa kabla ya kazi, si baada. Peleka mzigo wa sasa uliopima, ampia za chaja, mchoro wa laini kutoka mita hadi chaja, na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Wao wanaangalia kitu usichokiona ukiwa kwako: transfoma na waya wa mtaa vinalisha wangapi, na volti itashuka kiasi gani nyote mkichaji usiku.

Chaja iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, yaani kisanduku cha breka, bila soketi nyingine. Kwenye waya, umbali ndio unaowaponza mafundi. Kwa umeme wa njia moja, kupata volti zinazopotea njiani, zidisha 2 kwa mita, kwa ampia, kwa 0.0225, kisha gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba. Mita 40 kwa ampia 32 kwenye waya wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 9.6, zaidi ya asilimia 4. Waya wa 10 hupoteza 5.8 tu. Tofauti ya bei inauma mara moja.

Kinga ya mvujo, yaani RCD, iwe ya miliampia 30, na aina yake iangaliwe sana. Gari linaweza kuvujisha umeme wa mkondo mnyoofu, ule wa betri, na huo huipofusha RCD ya kawaida: inabaki imewashwa huku haiwezi tena kukata. Tumia aina B, au aina A pale ambapo chaja yenyewe hukata mvujo huo ukifika miliampia 6.

Athi, waya wa ardhini, ina mtego wake. Pale nyutro (waya unaorudisha umeme) na athi ya kampuni ni waya mmoja hadi kwenye mita, waya huo ukikatika nje, mwili wa gari hupata umeme, na anayeshika mlango akiwa amesimama kwenye udongo ndiye anayeukamilisha mzunguko. Funga chaja inayogundua mkatiko huo na kuachia nyaya zote, athi ikiwemo, au ipe chaja athi yake yenyewe kwa rodi, fimbo ya chuma inayopigwa ardhini. Ukichagua rodi, ganda la chuma la kebo lisiguse mwili wa chaja, la sivyo umeirudisha athi ya nyumba kwa mlango wa nyuma.

Kwenye maegesho ya chaja nyingi za njia tatu, zungusha fezi: ya kwanza 1-2-3, ya pili 2-3-1, ya tatu 3-1-2. Magari mengi huchaji kwa fezi moja tu, na yote hutumia terminali (sehemu ya kufungia waya) ya kwanza. Usipozungusha, fezi 1 italemewa huku mbili zimelala. Mpangilio huo uingizwe pia kwenye programu inayogawa mzigo.

Kabla ya kuwasha, tenganisha chaja na upime insulesheni ya kebo, yaani uwezo wa ganda lake kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500. Isipungue megaomu 1. Kaza skrubu kwa torki (nguvu ya kukazia) iliyoandikwa kwenye kitabu, na nyaya za nyuzi nyingi zivikwe vifuniko vya kubana. Chaji gari kwa nguvu yote saa nzima, kisha pima joto la terminali kwa kamera ya joto. Terminali moja ikiwa moto kuliko jirani zake, zima umeme, uikate ncha ya waya na kuifunga upya. Breka ikikata baada ya saa moja au mbili, usikimbilie kuweka kubwa zaidi: mara nyingi ni breka zilizobanana kwenye bodi zikipashana joto, na nafasi kidogo kati yao hutosha.