Kulala kwenye treni ya usiku, Bangkok hadi Chiang Mai, Thailand

Kata tiketi mapema, na uombe kitanda cha chini. Bei yake imezidi kidogo, lakini ni kipana kuliko cha juu na kina dirisha. Alfajiri utayaona mashamba ukiwa umelala. Tangu Januari 2023 treni hii huondokea kituo cha Krung Thep Aphiwat, si Hua Lamphong, kwa hiyo usifuate maelezo ya zamani.

Usiku mhudumu hugeuza viti kuwa kitanda, akatandika shuka na kukuachia blanketi. Pazia lipo. Kiyoyozi, jamani, ni kikali! Mimi huvaa sweta na soksi, pasipoti na pesa nikazifunga kiunoni ndani ya nguo. Taa za ujia wa behewa hazizimwi, basi beba kitambaa cha kufunika macho. Pombe ni marufuku.