Ijue tabia ya ukungu wa lenzi yako kwa chupa, taa na majani

Anayetaka lenzi ya kupigia picha za watu huuliza kwanza: inafuta nyuma kiasi gani? Mimi huuliza pia inafutaje. Lenzi mbili zinaweza kutoa ukungu wa kiasi kilekile, moja ikaacha nyuma pametulia na nyingine ikaacha vurugu ya pete na mistari. Tabia hiyo ndiyo inayoitwa boke, neno tulilolipata kwa Wajapani.

Mimi nilifundishwa na harusi. Nilimpiga bibi harusi chini ya mti, mwanga ukipenya majanini, na kwenye kioo cha kamera picha ilipendeza. Nilipoifungua kwenye kompyuta, kila tone la mwanga lilikuwa pete yenye ukingo mkali, na vijiti vilivyokuwa juu ya kichwa chake vilionekana viwili viwili. Uso ulikuwa safi, lakini jicho lilikuwa linahama kila mara kwenda kwenye majani. Tangu siku hiyo sibebi lenzi kwenda kazini kabla sijaifanyia jaribio hili.

Hatua ya 1: Panga vitu

Subiri giza liingie. Simamisha kamera kwenye stendi, weka chupa mita 2 mbele yake, kisha tundika taa ndogo za mapambo mita 6 nyuma ya chupa. Fungua upenyo wa lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, mpaka mwisho: chagua namba ya f iliyo ndogo kuliko zote. Lenga fokasi kwenye lebo ya chupa, halafu zima fokasi ya otomatiki isije ikahamia kwenye taa. Piga.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa duara

Kila taa sasa ni duara. Ili kujua kwa nini lina ukubwa huo, gawanya urefu wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi) kwa namba ya f, upate upana wa upenyo. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.8 ina upenyo wa milimita 47 hivi. Ya milimita 50 kwa f/1.8 ina 28. Kwa mpangilio wetu, duara, ukilipima kwa kulilinganisha na upana wa chupa pichani, litakuwa robo tatu ya upenyo: kama milimita 35 kwa ile ya kwanza, 21 kwa ya pili. Pima upana wa chupa kwa rula, kisha linganisha kwenye picha, utaona. Taa zikisogezwa mbali zaidi, duara linakua mpaka likaribie upenyo wenyewe.

Kwa hiyo f/1.8 peke yake haikuambii kitu. Kamera ya simu inaweza kuandikwa f/1.8 na upenyo wake ukawa milimita chache tu, ndiyo maana simu hutengeneza ukungu kwa programu.

Hatua ya 3: Soma ndani ya duara

Hapa usiharakishe. Kuza picha na uchague duara moja la katikati.

Mwanga ukiwa umeenea sawasawa, lenzi ni ya kuaminika. Ukingo ukififia taratibu, shukuru, maana maduara yanayopakana yatayeyukiana. Ukingo uking'aa kuliko katikati, hiyo ndiyo pete iliyoniharibia harusi. Chanzo chake ni kwamba miale inayopita pembezoni mwa lenzi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati. Mtengenezaji akiisahihisha kasoro hiyo kupita kiasi, mwanga hurundikana ukingoni mwa duara. Tena mambo hugeuka mbele ya fokasi: lenzi inayolainisha nyuma mara nyingi huchachamaa kwa vitu vilivyo mbele ya mlengwa. Wapo wanaozipenda pete hizo. Lenzi ya Trioplan ya milimita 100 f/2.8 inatafutwa hasa kwa sababu maduara yake yanafanana na mapovu ya sabuni.

Ukiona miviringo ndani kwa ndani kama kitunguu kilichokatwa, ni alama za kifinyangio cha kioo chenye mkunjo maalumu. Ukiona tundu katikati, unatumia lenzi ya vioo vya kuakisi, kama zile za milimita 500 f/8. Ukingo wa kijani ni rangi kutokutana sehemu moja. Mbele ya fokasi hugeuka kuwa wa zambarau.

Hatua ya 4: Nenda pembeni

Maduara ya kwenye kona huenda yamebanwa kama jicho la paka. Vua lenzi ikiwa upenyo wake umebaki wazi, itazame kwa ubavu dhidi ya dirisha: tundu la duara litageuka umbo la limau, kwa kuwa ukuta wa lenzi unakata mwanga. Macho hayo yakijipanga kuzunguka katikati, nyuma huonekana kama panazunguka. Lenzi ya Helios 44-2 inajulikana kwa hilo, na lenzi za muundo wa Petzval wa mwaka 1840 pia.

Hatua ya 5: Punguza upenyo kidogo kidogo

Piga tena kwa f/2.8, kisha f/4. Macho ya paka yatarudi kuwa maduara, lakini idadi ya vibapa, yaani vipande vyembamba vinavyofunga upenyo, itajitokeza: vitano vilivyonyooka vinatoa pembetano, tisa vilivyopinda vinabakiza duara kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 6: Badilisha taa kwa majani

Hili ndilo jaribio gumu, nami ndilo ninaloliamini zaidi. Mchana, weka chupa mbele ya nyasi au matawi, piga majani yakiwa mita 1 nyuma yake, kisha mita 2, kisha 4. Ukungu wa nusunusu ndio unaoaibisha lenzi: kila jani jembamba huweza kujirudia mara mbili. Tafuta umbali ambao mistari inaacha kujirudia. Ukiwa kazini, msogeze mtu mbele mpaka ufike umbali huo kabla ya kugusa namba ya f.

Andika matokeo mahali utakapoyaona. Kwenye mfuniko wa lenzi yangu ya 85 nimebandika kipande cha plasta: "f/2.5, majani mita 4."