Taa za mbele za Hiace ya zamani: shughulikia waya kabla ya glopu

Glopu ya H4 (glopu moja yenye nyuzi mbili) ni wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa karibu), na ikipata umeme kamili inatosha safari ya usiku. Kwenye Hiace ya zamani umeme hupotea njiani: waya mwembamba, swichi iliyochoka, kutu. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga wa halojeni hupungua karibu asilimia 30. Ukifunga glopu ya wati 100/90 kwenye waya huohuo, utayeyusha soketi.

1. Pima. Washa injini na dimu. Betri isome kama volti 13.8 hadi 14.4. Kisha pima nyuma ya soketi ya taa, kati ya pini mbili zinazowasha dimu, glopu ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa mita itaonyesha volti kamili hata kama waya ni mbovu, kwa kuwa hakuna mzigo. Tofauti isipozidi 0.5, ruka hadi hatua ya 4.

2. Safisha vichwa vya betri na ethi ya bodi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) kwa msasa, kaza, pima tena. Kuna magari ambayo kazi huishia hapa.

3. Funga relei, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme. Tafuta relei mbili za volti 12, ampea 30 (zisizo na dayodi ndani), fyuzi mbili za ampea 15 na vishikilia vyake, soketi mbili za H4 za kauri, na waya wa milimita 2.5 za mraba.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Toyota nyingi za zamani hupeleka chanya kwenye glopu moja kwa moja, na swichi hukata upande wa hasi. Ukipeleka pini 85 ya relei (namba za pini huandikwa kwenye relei) kwenye bodi kama ulivyozoea, dimu na fulu zitawaka pamoja. Tumia soketi ya zamani ya taa moja kuziamrisha relei: pini 86 za relei zote mbili kwenye waya wa pamoja (ule wa chanya), 85 ya kwanza kwenye waya wa dimu, 85 ya pili kwenye wa fulu. Pini 30 ziende betri kupitia fyuzi, kila relei na yake, fyuzi ikae karibu na betri. Pini 87 zilishe soketi mpya, na pini ya pamoja ya soketi hizo iende ethi ya bodi. Soketi ya zamani iliyobaki izibe kwa tepu.

4. Badilisha glopu. Nunua 60/55 ya chapa inayoaminika, mbili kwa pamoja. Usiguse kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukipasua kikipata moto. Ukishagusa, futa kwa spiriti. Sikio pana likae juu, na mpira wa vumbi urudi vizuri, la sivyo unyevu utaozesha bakuli la taa. LED za bei rahisi ziache: chanzo cha mwanga hakikai pale ulipokuwa uzi wa glopu, hivyo unamulika macho ya anayekuja huku barabara ikibaki giza.

5. Elekeza. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare. Ukingo wa dimu uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa, na upande wa ukingo huo unaopanda juu uwe kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha kulia, na hapo hakuna skrubu itakayokusaidia. Badilisha taa nzima.