Mionzi Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Kinywa: Namna ya Kujiandaa

Ukishauriwa kupata mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya kinywa, anza kuhesabu siku, kwa kuwa tiba hiyo inatakiwa kuanza ndani ya wiki 6 tangu upasuaji. Usingoje kidonda kikauke kabisa ndipo uulizie miadi katika hospitali zenye mionzi kama Ocean Road (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) au kwingineko. Foleni ina urefu wake.

Wakati huohuo muone daktari wa meno, hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mionzi hupunguza damu inayofika kwenye mfupa wa taya, hivyo jino likija kung'olewa baadaye, hata baada ya miaka, pengo huweza kukataa kupona na mfupa ukafa. Meno mabovu yasiyotibika yang'olewe angalau wiki 2 kabla, na yanayobaki yasafishwe kwa mswaki laini na dawa yenye floridi.

Siku ya kupimwa kwa ajili ya mionzi utatengenezewa kinyago cha kushikilia kichwa kisitikisike: plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto hulazwa usoni hadi ikakamae, nawe unapumua kupitia matundu yake. Anayeogopa kubanwa aseme mapema.

Dozi ya kawaida ni grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) katika vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6. Ikiwa saratani imeonekana kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa au imetoboa ganda la tezi za shingo, dozi huweza kufika grei 66 pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, mwili ukiruhusu. Usiruke siku, maana seli za saratani hutumia mapengo hayo kuongezeka. Nauli na malazi yapangwe mapema.

Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 kinywa huchubuka. Sukutua mara kwa mara kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye kijiko cha chai cha chumvi, na uepuke dawa za kusukutua zenye spiriti. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mtori, uji wa maziwa au parachichi lililopondwa, kisha upime uzito kila wiki. Ukishuka, mweleze daktari, kwani mpira wa kulishia puani ni bora kuliko kusitisha tiba. Sigara, tambuu, kuberi na pombe viachwe. Fanya mazoezi ya kupanua mdomo kila siku, taya lisikaze.

Tiba ikiisha, kabla ya kung'oa jino lolote mwambie daktari wa meno kwamba taya lako lilipigwa mionzi, hata ikiwa miaka 10 imepita.